Je, Biashara Yaweza Kuigeuza Jamii?



Liko swali ambalo watafutaji wa ukweli hulileta mara kwa mara, na ambalo halifai kujibiwa kwa neno moja. Wao husema: Dini zawahimiza watu kutenda haki na kuwasaidia maskini, lakini siku hizi twaambiwa ya kwamba umaskini hautaondolewa na mahubiri wala sadaka, bali na watu wenye akili ya biashara, ambao huvumbua njia mpya, huanzisha shughuli, hupata faida, na papo hapo huitengeneza jamii. Mambo hayo yamepewa majina makubwa: uvumbuzi wa kijamii, ujasiriamali wa kijamii. Vyuo vikuu vyayafundisha na matajiri wayatolea tuzo. Je, ni kweli? Mtu anayetafuta faida aweza kuwa mtumishi wa haki? Au hii ni kanzu mpya tu aliyovishwa mfanyabiashara yule yule wa zamani?

Wapo wanaojibu upesi ya kwamba mfanyabiashara ni mfanyabiashara, na fisi hapewi zamu ya kulinda mbuzi. Wapo pia wanaojibu kwa upesi huo huo ya kwamba serikali zimeshindwa, sadaka zimeshindwa, na sasa zamu ni ya mwenye ubunifu. Majibu yote mawili yana haraka. Yafaa tutazame mambo yaliyotendeka kwa kweli, yenye mahali pake na miaka yake, kisha tuone yatuambia nini.

Lakini kwanza yapasa kutenganisha mambo ambayo huchanganywa sana. Uvumbuzi ni njia mpya ya kutenda jambo, basi. Si wema wala si ubaya. Hata mizani yenye risasi iliyofichwa chini ya sinia ilikuwa uvumbuzi siku moja. Shughuli ni ule uvumbuzi uliopewa nyumba ya kukaa, daftari, watumishi na mtaji, ili uendelee kesho hata mvumbuzi akiugua. Na mageuzi ya jamii ni kitu cha mbali zaidi. Yatokea pale ambapo watu wasiomjua mvumbuzi, wasiolijua hata jina lake, wanapoanza kutendeana kwa namna nyingine, na hali ya zamani, iliyokuwa ikionekana desturi, ikaanza kuonekana aibu. Mtu aweza kufanikiwa sana katika mambo mawili ya kwanza bila ya kuligusa la tatu. Tena wengi ndivyo walivyo.

Katika mifano yote niijuayo, hakuna unaofundisha zaidi kuliko ule wa wafumaji wa Rochdale, mji wa kaskazini ya Uingereza ulio karibu na Manchester. Miaka ya 1840 ilikuwa miaka ya njaa kwa watu wa kazi katika nchi ile. Mashine zilikuwa zimewanyang'anya wafumaji wa mkono riziki yao, ujira ulikuwa umeshuka, na mgomo uliofanywa na wafumaji wa Rochdale ili kudai nyongeza ulikuwa umeshindwa. Jioni ya tarehe 21 Desemba, 1844, watu 28 walifungua duka katika chumba cha chini cha ghala moja, kwenye njia iitwayo Toad Lane. Mtaji wao ulikuwa paundi 28, zilizokusanywa kwa peni mbili mbili kila juma. Bidhaa zao zilikuwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa michache. Vijana wa mtaani walikusanyika nje kuwacheka.

Huenda ukauliza: Duka la siagi lina uhusiano gani na haki? Lina uhusiano mkubwa, lakini hauonekani mpaka ujue maduka ya siku zile yalivyokuwa. Unga ulitiwa chaki na shabu ili uonekane mweupe na kuongezeka uzito. Majani ya chai yalichanganywa na majani ya miti mingine, au yaliyokwisha kutumiwa yalikaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa tena. Baadhi ya wenye viwanda waliwalipa watu wao, badala ya fedha, kwa vibati au kwa bidhaa za maduka yao wenyewe. Bunge lilikwisha kutunga sheria ya kulikataza jambo hilo mwaka 1831. Lakini sheria ni jambo moja, na mtu mwenye njaa anayehofia kufukuzwa kazi ni jambo jingine.

Na mwenye duka wa kawaida aliuza kwa kauli: chukua leo, lipa ukipata. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, nami nakusihi upazingatie. Kuuziwa kwa kauli kwaonekana ni huruma. Lakini mtu mwenye deni dukani hawezi kurudisha unga mbovu. Hawezi kusema ya kwamba mizani ina kasoro. Hawezi hata kwenda duka la pili, kwa sababu siku ile ile atadaiwa deni lote. Daftari la deni lilikuwa mnyororo, na kila mwenye kufungwa nao alijiona kuwa amefanyiwa hisani! Ndiyo maana twasema ya kwamba dhuluma iliyo kubwa si ile inayolalamikiwa, bali ile ambayo mwenye kudhulumiwa huiitikia kwa asante.

Basi wale wafumaji waliweka kanuni. Hakuna kuuza kwa kauli wala kununua kwa kauli, fedha mkononi. Bidhaa ziwe safi na kipimo kiwe kamili. Faida inayobaki igawanywe kwa wanachama si kwa kadiri ya hisa zao tu, bali kwa kadiri ya walivyonunua. Kila mwanachama awe na kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja sawasawa. Wanawake nao waliruhusiwa kuwa wanachama, na hili si dogo, kwani katika sheria ya Uingereza ya miaka ile mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa ya mumewe, na haikuwekwa wazi kabisa kuwa yake mwenyewe mpaka sheria ya mwaka 1882. Baadaye wakatenga 2.5 katika kila 100 ya faida kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea magazeti na vitabu.

Kanuni ya fedha mkononi ilikuwa ngumu, wala sisemi ya kwamba haikumwacha mtu nje. Aliyekuwa maskini kabisa, asiye na peni mfukoni, hakuweza kununua Toad Lane. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ni udhaifu ambao kila shughuli ya namna hii huzaliwa nao.

Sasa tazama ni kitu gani kilichogeuka. Siagi ilikuwa ile ile, tena bei yake haikuwa nafuu sana. Kilichogeuka ni mkono ulioshika mizani. Mnunuzi alikuwa upande mmoja wa meza na pia upande wa pili. Hakukuwa na wa kumpunja ila nafsi yake. Mwislamu hawezi kuisoma habari hii bila kukumbuka ya kwamba Nabii Shuaib a.s. alitumwa kwa watu wa Madyan, na miongoni mwa mambo makuu aliyowaonya ni kupunguza vipimo. Na ya kwamba iko sura nzima katika Kurani Tukufu iliyopewa jina la watu wapunjao. Na imepokewa ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani na kukuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali kwa ukali. Wale wanaodhani ya kwamba mizani ya duka ni jambo dogo mno kwa dini hawajaitazama dini vizuri.

Duka lile halikubaki peke yake. Maduka ya namna hiyo yaliongezeka mpaka yakawa mamia katika Uingereza, na mwaka 1895 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliundwa mjini London. Upande wa pili, daktari mmoja aitwaye Arthur Hill Hassall alianza mwaka 1851 kuchapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wake wa vyakula vilivyoghushiwa, alivyovitazama kwa hadubini. Bunge likatunga sheria ya kwanza ya kupinga kughushi vyakula mwaka 1860, na iliyo na nguvu zaidi mwaka 1875. Sisemi ya kwamba duka ndilo lililoleta sheria. Nasema ya kwamba sheria peke yake ya mwaka 1831 haikutosha, na duka peke yake halingaliweza kuwalinda wale wasionunua kwake. Duka liliwaonyesha watu ya kwamba unga safi wawezekana kuuzwa na mwenye kuuza asifilisike. Baada ya hapo, mwenye kutia chaki hakuwa tena na udhuru wa kusema ndivyo biashara ilivyo. Nionavyo mimi, hii ndiyo kazi ya kweli ya shughuli njema katika mageuzi ya jamii: huivunja hoja ya kwamba haiwezekani.

Hoja hiyo ya kutowezekana sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu waliokuwa kando ya mlima Kilimanjaro walipinga kwa nguvu Wachaga kulima kahawa ya arabika. Walisema ya kwamba Mwafrika hataweza kuitunza, na ya kwamba mashamba yake yatakuwa vitalu vya wadudu na magonjwa. Hofu ya kweli iliyojificha nyuma ya maneno hayo ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kufanya kazi ya ujira katika shamba la mwingine. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Kiliwafundisha wanachama kupiga dawa na kuzuia wadudu, kikawauzia kahawa yao. Yaani lile lile lililosemwa kuwa Mwafrika hawezi, ndilo walilolifanya kuwa kazi ya chama.

Lakini habari ya Kilimanjaro ina sura ya pili, wala si haki kuificha. Mwaka 1933 mahali pa chama kile palichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoundwa chini ya sheria na uangalizi wa serikali ya kikoloni, na wakulima wakalazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia hiyo. Bei ziliposhuka, mwaka 1937 baadhi ya wakulima waliinuka kwa ghasia juu ya chama ambacho kwa jina kilikuwa chao wenyewe. Kikaendelea, kikawa mashuhuri, kikaleta maendeleo makubwa. Kisha mwaka 1976 serikali ya nchi huru ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na mashirika ya mazao yakashika mahali pao. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Sina nia ya kuwahukumu waliofanya hayo. Walikuwa na sababu zao, na baadhi ya vyama kwa kweli vilikuwa na wizi. Lakini mtu atazame: mara mbili chombo kile kile kilishikwa na mkono mwingine, mara ya kwanza kwa kisingizio cha kukilea na mara ya pili kwa kusudi la kukirekebisha, na mara zote mbili mwenye kahawa hakuwa ndiye aliyeamua.

Tuje sasa kwenye mfano ambao wengi wenu mmeusikia, wa Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh. Huyu alikuwa mwalimu wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong wakati njaa kubwa ya mwaka 1974 ilipoiua nchi yake. Katika kijiji cha Jobra kilicho jirani ya chuo alimkuta mwanamke aliyekuwa akitengeneza viti vya mwanzi. Mwanamke huyo alikopa fedha za kununulia mwanzi kwa mfanyabiashara, kwa sharti ya kwamba viti vyote amwuzie yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Baada ya kazi ya siku nzima alibaki na faida ya senti mbili hivi za Kimarekani. Yunus alipohesabu aliona ya kwamba watu 42 wa kijiji kile walikuwa katika utumwa wa namna hiyo kwa ajili ya fedha ambazo jumla yake haikuzidi dola 27. Akazitoa mfukoni mwake, mwaka 1976. Alipokwenda benki kuomba iwakopeshe watu wale, aliambiwa ya kwamba maskini hawana dhamana na hawalipi.

Je, huoni ndugu yangu ya kwamba hii ni habari ile ile ya Rochdale? Deni ndilo lililoufunga mdomo wa mwanamke yule asiweze kubishania bei ya kiti chake. Na jibu la benki ni neno lile lile la walowezi wa Kilimanjaro: haiwezekani. Benki ya Grameen ilipata sheria yake yenyewe mwaka 1983. Iliwakopesha watu waliojipanga katika makundi ya watano watano, bila kuwataka dhamana, na sehemu kubwa ya hisa zake zikawa mali ya wakopaji wenyewe. Ilipopewa pamoja na mwanzilishi wake Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2006, wakopaji wake walikuwa karibu milioni 7, na 97 katika kila 100 walikuwa wanawake.

Msomaji Mwislamu atasimama hapa aulize: Na riba je? Swali lake ni la haki, wala hatuwezi kulifumbia macho kwa sababu tu mtu aliyelianzisha jambo amesifiwa duniani. Grameen hutoza riba. Kwa mikopo ya kazi imekuwa 20 katika kila 100 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Ni nafuu sana kuliko ile ya wakopeshaji wa vijijini, lakini ni riba. Na mambo yaliyofuata kwingineko yameonyesha ya kwamba onyo la Kurani Tukufu juu ya riba si sheria kavu isiyo na sababu. Huko Mexico, shirika la Compartamos, ambalo lilianza mwaka 1990 kama shirika la hisani, liliuza hisa zake sokoni mwaka 2007 na wenye hisa wakapata utajiri mkubwa; riba waliyotozwa wakopaji wake maskini ilizidi 80 katika kila 100 kwa mwaka. Yunus mwenyewe alilipinga hadharani. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, makampuni yalishindana kukopesha mpaka mtu mmoja akawa na madeni manne au matano. Yale makundi ya wanawake, yaliyoundwa ili wasaidiane, yakageuzwa kuwa askari wa mkopeshaji, jirani akimfedhehesha jirani yake mlangoni. Habari za wakopaji kujiua zilipoenea, serikali ya jimbo ilitoa amri ya kuyazuia makampuni hayo, Oktoba 2010.

Tazama basi: uvumbuzi ulikuwa ule ule. Kundi la watu watano, mikopo midogo, malipo ya kila juma; hakuna kilichobadilika katika chombo. Kilichobadilika ni kwa ajili ya nani. Katika Surat al-Baqara tumeamriwa ya kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na ya kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Shughuli ambayo haina mahali katika daftari lake pa kuandika muhula huo, hata iwe na jina zuri namna gani, imekwisha kurudi kwa yule mfanyabiashara wa viti vya mwanzi.

Pengine mtu atasema: Hayo ni maneno ya kwenye mimbari, hakuna awezaye kukopesha bila riba na shughuli yake ikasimama. Mjini Lahore, Pakistan, Dakta Amjad Saqib aliliamua jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2001 yeye na rafiki zake walianza shirika waliloliita Akhuwat, maana yake udugu, kwa mkopo wa rupia 10,000 aliopewa mwanamke mjane, bila riba yoyote. Mikopo hutolewa misikitini, na makanisani pia, ili kupunguza gharama za ofisi na ili mtu aahidi mbele ya jamaa zake. Na wengi waliokopa wamegeuka kuwa wachangiaji. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Ni kweli ya kwamba shirika hilo husimama juu ya michango, na kwa hiyo wapo wasemao si shughuli ya biashara bali ni sadaka. Nami nauliza: Ni nani aliyesema ya kwamba vitu hivyo viwili ni lazima vikae nyumba mbalimbali? Sayidna Uthman r.a. aliponunua kisima cha Ruma, Madina, kilichokuwa maji yake yakiuzwa, akakifanya cha watu wote, je, ilikuwa biashara au sadaka? Alinunua kwa hesabu ya mfanyabiashara na akatoa kwa moyo wa mwenye kutoa.

Lakini hata tukishika njia iliyo safi kabisa, yapasa tuseme kweli juu ya kadiri yake. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita juu ya mikopo midogo, zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko. Wachunguzi walilinganisha watu walioletewa mikopo na wengine kama wao ambao hawakuletewa. Waliona ya kwamba mikopo iliwapa watu nafasi zaidi ya kuchagua kazi na matumizi yao, lakini kwa wastani haikuwatoa katika umaskini. Wenye kutangaza miujiza hawakufurahi. Kwangu mimi, matokeo hayo ni ya heshima. Ndivyo inavyokuwa kazi ya binadamu.

Na huu ndio udhaifu niliosema tutaurudia. Yule asiye na peni mkononi hakuingia Toad Lane. Mgonjwa wa kitandani, mzee asiye na mtoto, yatima wa miaka minne, hao hawawezi kukopa wakaanzisha biashara, wala haifai kuwaambia wawe wajasiriamali. Haki yao imo katika mali za wengine, nao wapaswa kupewa. Siku hizi nasikia baadhi ya wenye mali wakiusifu sana ujasiriamali wa maskini, na sifa hizo hunitia shaka kidogo; kwa sababu mara nyingine msemaji ni yule yule ambaye wafanya kazi wake hawajalipwa ujira wao, au ambaye kodi yake haijafika hazina. Kumpongeza mtu kwa kuogelea vizuri hakukuondolei dhambi ya kumsukuma majini.

Kosa jingine ni kudhani ya kwamba mvumbuzi ni mtu mmoja mwenye akili nyingi aliyeketi mahali pa juu. Ule utumaji wa fedha kwa simu uitwao M-Pesa, ulioanza Kenya Machi 2007, ulipojaribiwa kwanza mwaka 2005 ulikusudiwa kuwa njia ya watu kulipia mikopo yao midogo. Watu wenyewe wakaanza kuutumia kwa jambo jingine: kupelekeana fedha, mtu wa mjini na jamaa zake wa shamba. Wenye kampuni walikuwa na busara ya kuwafuata wateja wao. Je, ni nani aliyevumbua hapo? Mhandisi, au yule kijana aliyekuwa akimtumia mama yake fedha za dawa na kuchoka kuwapa utingo wa basi?

Yabaki pingamizi la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote, na msomaji mtafutaji hana budi kuwa amekwisha kulifikiri. Ataniambia: Ikiwa kanuni nzuri ndizo zilizolifanya duka la Rochdale kuwa la haki, na kanuni zaweza kunakiliwa na mtu yeyote, mwenye dini na asiye na dini, basi moyo wa mtu wahitajiwa kwa kazi gani? Tuandike katiba nzuri, tuhesabu kura, yatosha.

Jawabu lipo Rochdale kwenyewe. Mwaka 1854 watu wale wale, baada ya duka kustawi, walianzisha kiwanda cha pamba. Walikumbuka walivyotendewa katika viwanda vya wengine, kwa hiyo waliweka kanuni ya kwamba faida isiende kwa wenye hisa peke yao; fungu lake liende kwa wafanya kazi, kila mtu kwa kadiri ya ujira wake. Kiwanda kikafanikiwa. Kwa kuwa kilifanikiwa, watu wengi wapya walinunua hisa, na wengi wao hawakuwa wafanya kazi wa pale. Walikuja kwa sababu walisikia fedha zao zitazaa. Wakaanza kuuliza kwa nini mfanya kazi, ambaye amekwisha kupata mshahara wake, apewe tena na faida. Jambo likapelekwa kwenye mkutano. Mwaka 1862 kura zilipigwa, zikahesabiwa, na fungu la wafanya kazi likafutwa. Hakuna kanuni iliyovunjwa siku ile.